Mali Bila Daftari: Kulinda Usanidi Ulioidhinishwa wa Vifaa vya TEHAMA

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati na biashara ndogo



Wengi wenu mmefunga maduka na ofisi ili mje kutusikiliza, nasi tunajua kwamba muda wa mtu ni mali yake. Kwa hiyo tutajitahidi kusema mambo ambayo mtaweza kuyatenda mara mtakaporudi makwenu, bila kungoja fedha nyingi wala mtaalamu kutoka mbali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana shaka kila mmoja wenu ana daftari. Chama kina daftari la wanachama, shule ina daftari la madawati, zahanati ina daftari la dawa. Hata kompyuta zimeandikwa: namba ya kifaa, tarehe ya kununuliwa, bei yake na chumba kilimowekwa. Mkaguzi akija huonyeshwa daftari hilo, huhesabu vifaa, huona vimetimia, hutia saini na kuondoka.

Lakini daftari hilo linasema tu kwamba kifaa kipo. Halisemi kifaa hicho kimepangwaje ndani. Nani ana ruhusa ya kufungua hesabu za wanachama? Riba ya mkopo hukokotolewa kwa kanuni ipi? Nakala ya akiba ya kumbukumbu huchukuliwa siku gani, na huwekwa wapi? Majibu ya maswali haya hayaonekani kwa macho, na mtu mmoja anaweza kuyabadilisha kwa dakika moja, bila kelele na bila kuacha alama mezani. Kompyuta itakuwa palepale ilipokuwa jana, na mkaguzi ataihesabu, ilhali kazi inayofanya leo si ile mliyoikubali. Tumekuja kuzungumzia daftari la pili, ambalo wengi wetu hatunalo.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwashauri wengine, yatupasa kukiri yaliyotupata sisi. Ofisi yetu hupokea malalamiko ya watumiaji kwa barua, kwa simu na kwa barua pepe. Ijumaa moja jioni mmoja wa maofisa wetu, akiwa amechoshwa na barua pepe za matapeli zilizokuwa zikimiminika, alimpigia simu fundi na kumwomba azizuie. Fundi alikuwa mtu mwema na mwepesi wa kazi. Alibadili mpangilio mmoja katika kichujio cha barua pepe, na kabla ya jua kuzama barua za matapeli zikakoma. Ofisa alimshukuru. Hakuna aliyeandika lolote, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba kuna la kuandikwa.

Zaidi ya mwezi mmoja baadaye alifika ofisini mama mmoja aliyetoka mbali. Alikuwa amenunua jokofu kwa ajili ya biashara yake ya samaki, likaharibika likiwa bado ndani ya muda wa dhamana, na muuzaji akawa anamzungusha. Alikuwa ametuandikia mara tatu kwa msaada wa mwanawe, asipate jibu hata mara moja. Alipofika mbele yetu, muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Hakutukemea. Alituuliza tu kama barua zake zilikuwa zimeandikwa vibaya.

Barua zake hazikuwa na kasoro. Kichujio kilikuwa kimeagizwa kuweka kando kila barua yenye kiambatisho iliyotoka kwa mtu asiyejulikana. Na mlalamikaji ni nani, kama si mtu asiyejulikana anayeambatisha risiti yake? Barua zake tatu zilikuwa katika sanduku ambalo hapakuwa na mtu aliyeagizwa kulifungua, pamoja na barua za watu wengine wengi. Ilituchukua siku mbili kugundua sababu, maana fundi alikuwa amehamia kazi nyingine na ofisa hakuikumbuka tena simu ile. Tulikuwa na orodha nzuri ya kompyuta zetu zote. Hatukuwa na hata mstari mmoja ulioeleza kichujio kilipaswa kufanya nini.

Kwa bahati, mashine ya barua pepe ilikuwa imehifadhi tarehe ambayo kila ujumbe ulipokelewa. Tulimwandikia muuzaji, tukakiri kosa letu, tukaambatisha tarehe ya lalamiko la kwanza, naye akakubali kulitengeneza jokofu. Mama yule aliokolewa na kumbukumbu iliyoandikwa na mashine, si na uangalifu wetu. Wapo wengine ambao tulipowajibu walikuwa wamekwishakata tamaa, na kwao hatukuwa na la kufanya ila kuomba radhi.

Usanidi ulioidhinishwa ni nini

Neno usanidi lisiwatishe. Maana yake ni namna kifaa au programu ilivyopangwa ili ifanye kazi fulani: toleo la programu, ruhusa za watumiaji, viwango vilivyowekwa, na vifaa vingine ambavyo kimeunganishwa navyo. Usanidi ulioidhinishwa ni ule ambao wenye mamlaka katika taasisi wameuona, wameukubali na wameuandika, na ambao hauruhusiwi kubadilishwa ila kwa utaratibu uliokubaliwa.

Jambo hili si geni kwenu. Kila mmoja aliyewahi kununua mafuta ya gari au bodaboda amekwishaliona. Wakala wa Vipimo hukagua pampu ya mafuta, hupima kama lita moja inayoonyeshwa ni lita moja kweli, kisha hutia lakiri katika sehemu inayorekebisha kipimo. Lakiri ile ni kipande kidogo tu, na mwizi anaweza kuikata kwa koleo. Nguvu yake ni kwamba ikikatwa itaonekana imekatwa, na mwenye kituo atadaiwa maelezo. Pampu ikitengenezwa mahali panapogusa kipimo, haipaswi kuuza tena kabla ya kuhakikiwa upya. Hakuna anayemkataza mwenye kituo kutengeneza pampu yake. Anachokatazwa ni kuibadili kimyakimya.

Daftari la usanidi ndiyo lakiri ya kompyuta zenu. Halizuii mabadiliko, bali huzuia mabadiliko yasiyo na mwenyewe.

Mita za umeme na mwaka 2024

Mfano mkubwa zaidi tuliouona kwa macho yetu uliingia majumbani mwetu mwaka 2024. Mnakumbuka kwamba watumiaji wa mita za LUKU walipewa tarakimu nyingi kuliko kawaida waliponunua umeme: makundi matatu ya tarakimu 20. Wenzetu wa Kenya na wa nchi nyingine nyingi walipitia jambo hilohilo, na wengi walijiuliza kuna nini.

Sababu ilikuwa hii. Mita za malipo ya kabla katika nchi nyingi hufuata kanuni moja ya kiufundi iliyoanzia Afrika Kusini. Kwa kanuni hiyo, kila kundi la tarakimu za umeme hubeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huikumbuka hesabu hiyo ili mtu asitumie tarakimu zilezile mara mbili. Lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ina mwisho: haiwezi kuzidi dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Ukihesabu kutoka mwanzo wa mwaka 1993, utafika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita isiyobadilishwa ingezikataa tarakimu mpya, hata kama mwenye nyumba amelipa.

Basi ilibidi kila mita ibadilishwe usanidi wake kabla ya siku hiyo. Makundi mawili ya kwanza ya tarakimu yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa siri wa mita na kuifungulia hesabu mpya. Kundi la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe. Mpangilio wa makundi ulikuwa na maana, na tarakimu za mita moja hazikufaa mita nyingine.

Tazameni ni mambo mangapi yalihitajika ili kazi hiyo ifanikiwe. Ilibidi ijulikane kuna mita gani na ziko wapi. Ilibidi ijulikane ipi imekwisha kubadilishwa na ipi bado. Ilibidi njia ya kubadilisha iwe moja na iwe imejaribiwa. Ilibidi watumiaji waelezwe mapema, kwa kuwa mkono wa mwisho katika badiliko hilo haukuwa wa fundi, bali wa mama au kijana aliyesimama mbele ya mita akibonyeza tarakimu. Mwenye nyumba ya kupangisha aliyekuwa na orodha ya mita zake na kuweka alama kwa kila iliyokamilika hakupata taabu. Asiye na orodha alingoja mpangaji amgongee mlango usiku.

Dakika 45 zilizoiangusha kampuni

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, Marekani, tuone hasara iletwayo na badiliko lililofanywa nusu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya udalali wa hisa iitwayo Knight Capital ilianza kutumia programu mpya. Programu hiyo ilipaswa kuwekwa katika seva 8. Fundi aliiweka katika seva 7, akaisahau ya nane. Hakukuwa na fundi wa pili aliyepewa kazi ya kuhakikisha.

Katika seva ile ya nane ilikuwamo programu ya zamani ambayo ilikuwa haijatumika kwa miaka mingi lakini haijaondolewa. Soko lilipofunguliwa, ishara iliyokusudiwa kuiamsha programu mpya iliiamsha ile ya zamani, nayo ikaanza kununua na kuuza hisa mfululizo bila kikomo. Wataalamu waliona hatari, lakini hawakujua inatoka wapi. Wakidhani kwamba kosa ni la programu mpya, wakaiondoa katika zile seva 7 zilizokuwa sahihi. Hapo seva zote 8 zikawa na ugonjwa mmoja. Katika muda wa dakika kama 45 kampuni ilikuwa imejipatia hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 12, na miongoni mwa iliyoyataja ni kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili ahakiki kazi ya namna ile.

Ndugu zetu, msiseme kwamba hayo ni ya matajiri wa ng'ambo. Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau, na kila mtu husahau. Kosa lililoua lilikuwa la kutojua: siku ya msiba hawakuwa na mahali pa kutazama ili waone kila seva ilipaswa kuwa na nini. Aliyepotea njia, asijue alikotoka, kila hatua anayoipiga inaweza kuwa ya kumpoteza zaidi.

Daftari la pili lina nini

Shirika la Viwango la Kimataifa limetoa mwongozo kuhusu jambo hili, ISO 10007, ambao toleo lake la 2017 linataja kazi tano: kupanga, kutambua, kudhibiti mabadiliko, kutunza kumbukumbu za hali, na kukagua. Taasisi kubwa hununua programu maalumu kwa kazi hizo. Ninyi mnaweza kuanza na daftari la kurasa ngumu au jedwali katika kompyuta. Tunashauri kila kifaa au programu muhimu iwe na ukurasa wake, na ukurasa huo uwe na mambo yafuatayo:

1. Jina na namba ya kifaa, mahali kilipo, na mtu mmoja aliye na dhamana nacho. Msiandike "ofisi nzima". Kilicho cha wote hakina wa kuulizwa.

2. Toleo la mfumo endeshi na la kila programu inayotumika kwa kazi rasmi.

3. Orodha ya watumiaji na ruhusa ya kila mmoja: nani anasoma tu, nani anaandika, nani anaweza kufuta.

4. Viwango vinavyogusa fedha au haki za watu: riba, makato, ukomo wa mkopo, bei, na tarehe za malipo.

5. Vifaa au huduma ambazo kimeunganishwa nazo, kama vile ruta, mashine ya kuchapa risiti, au huduma ya malipo kwa simu.

6. Nakala ya akiba: huchukuliwa lini, huwekwa wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa lini.

7. Namba ya toleo la ukurasa, tarehe ya kuidhinishwa, na saini ya aliyeidhinisha.

Msiandike nywila katika daftari hili. Nywila za usimamizi ziwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya kasha la fedha, na kila inapofunguliwa iandikwe nani kaifungua na kwa nini.

Wala msijaribu kuandika vyote kwa siku moja. Anzeni na kile ambacho kikiharibika kesho asubuhi watu watapanga foleni mlangoni. Kwa chama cha akiba ni programu ya mikopo. Kwa zahanati ni kumbukumbu za wagonjwa na dawa. Kwa duka ni mashine ya mauzo na bei zake. Mkikamilisha kimoja kwa ukamilifu, endeleeni na cha pili.

Safari ya badiliko moja

Ukurasa ukishatiwa saini, kila badiliko lipite njia moja. Anayelitaka aandike ombi, na ombi lijibu maswali machache: Ni nini kitakachobadilishwa, na katika kifaa kipi? Kwa nini? Nani ataguswa? Limejaribiwa wapi? Litafanywa siku gani na saa ngapi? Na likienda vibaya, tutarudije tulikotoka? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Ombi lisilo na njia ya kurudi lisiidhinishwe, isipokuwa wakubwa wote wa taasisi wamelijua hilo na kulikubali kwa maandishi.

Anayeidhinisha asiwe yule anayetenda. Katika chama kikubwa huweza kuwapo kamati. Katika ofisi ya watu watatu inatosha mmoja aombe, wa pili aidhinishe, na fundi atende. Si kwamba tunawashuku mafundi. Hata mhasibu mwaminifu hatii saini hundi peke yake, na saini ya pili humlinda yeye kama inavyoilinda fedha.

Badiliko likiisha kufanywa, lijaribiwe na yule anayekitumia kifaa kila siku, si na fundi peke yake. Laiti siku ile fundi wetu angetuma barua pepe moja yenye risiti, kutoka kwa anwani isiyojulikana, tungaligundua kosa kabla ya kufunga ofisi. Kisha ukurasa wa daftari uandikwe upya ukiwa na namba mpya ya toleo, na ule wa zamani usichanwe. Ukurasa wa zamani ndio njia ya kurudi. Mwisho, walioguswa waarifiwe: mwanachama ambaye makato yake yamebadilika ayajue kabla ya kuyaona katika mshahara.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, mtu asiyekuwa fundi wa kila siku achukue daftari, akae mbele ya kifaa, alinganishe. Akikuta tofauti, asikimbilie kulirekebisha daftari ili lifanane na mashine. Huo ndio mtego unaoziharibu kazi nyingi nzuri, maana kufanya hivyo ni kuhalalisha kila lililofanyika gizani. Kwanza aulize: badiliko hili liliidhinishwa? Kama halikuidhinishwa, kifaa kirudishwe kwenye hali iliyoandikwa. Kama ni badiliko jema, lipelekwe kama ombi, lipite njia yake, kisha ndipo liingie daftarini.

Kati ya haraka na ajizi

Baadhi yenu mtasema kwamba utaratibu huu utatuchelewesha. Ni kweli kwamba utawachelewesha kidogo, na ni kweli pia kwamba kuchelewa kuna hatari yake. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kwa kupitia ufa huohuo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za umma za Uingereza. Wengi walioumia walikuwa na miezi miwili ya kuuziba ufa, wakaacha.

Kwa upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake wengi kwa mara moja. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, na safari za ndege, huduma za benki na hospitali zikavurugika siku hiyo. Sasisho lile lilikusudiwa kuwalinda watu.

Basi wale waliumizwa na ajizi, na hawa waliumizwa na haraka. Njia ya katikati ni kuyagawa mabadiliko katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mabadiliko ya kawaida, yanayojirudia na yanayojulikana, ambayo huidhinishwa mara moja kwa mwaka na kisha kuandikwa tu kila yanapofanywa. Fungu la pili ni mabadiliko yanayohitaji ombi kamili. Fungu la tatu ni ya dharura: hayo yafanywe kwanza kwa idhini ya mdomo ya mkuu aliyetajwa kwa jina, na yaandikwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa masasisho, anzeni na kompyuta moja isiyo na kazi nzito, ngojeni siku moja au mbili, kisha endeleeni na nyingine.

Fundi wa nje, na haki zenu

Wengi wenu hamna fundi wa kuajiriwa. Mnamwita anapohitajika, au mmenunua programu kwa kampuni inayoihudumia kutoka mbali. Hapo ninyi ni watumiaji wa huduma, na mna haki ya kudai. Kabla ya kutia saini mkataba, hakikisheni umeandikwa kwamba hakuna badiliko litakalofanywa bila idhini yenu ya maandishi. Kwamba kila badiliko litaletewa taarifa yenye tarehe na jina la aliyelifanya. Kwamba nywila za usimamizi ni mali yenu na mtapewa. Na kwamba mkataba ukivunjika mtakabidhiwa kumbukumbu zenu zote katika hali inayosomeka. Mtoa huduma akikataa masharti haya, mwombeni aeleze sababu, kisha pimeni wenyewe.

Kumbukeni pia kwamba taarifa zilizomo katika mashine hizo si zenu peke yenu. Ni majina, madeni na maradhi ya watu waliowaamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imemtwisha mkusanyaji wa taarifa jukumu la kuzilinda. Siku mwanachama atakapouliza nani aliifungua hesabu yake, jibu la kwamba fundi ndiye anayejua halitawafaa mbele ya mwanachama huyo, wala mbele ya sheria.

Nanyi mlio watumiaji wa kawaida, ambao hamna ofisi wala seva, yapo ya kwenu katika haya. Kiwango cha makato kikibadilika, ulizeni kilibadilishwa lini, na nani, na kwa uamuzi upi. Ombeni jibu la maandishi. Taasisi yenye daftari la pili itawajibu siku hiyohiyo. Taasisi isiyo nalo itawaambia kwamba mfumo ndio unaokata hivyo. Msikubali jibu hilo. Mfumo haujipangi wenyewe. Kila kiwango kilichomo kiliwekwa na mkono wa mtu.

Neno la kuagana

Ndugu zetu, hatukuja kuwaomba mnunue chochote. Tunawaomba mkirudi makwenu mchague kifaa kimoja, mkae nacho kwa saa moja, mwandike kimepangwaje, na mwenye mamlaka atie saini. Kuanzia saa hiyo, asiwepo mtu atakayekigusa bila kuacha jina lake.

Sisi tulianza na kichujio cha barua pepe. Ukurasa wake ndio wa kwanza katika daftari letu, na umekwishafikia toleo la nne. Katika kila toleo kuna mstari usiobadilika, unaosema kwamba barua yenye risiti kutoka kwa mtu tusiyemjua ifike mezani kwa ofisa siku hiyohiyo. Mtakapotuandikia, ndugu zetu, mtajibiwa. Na msipojibiwa, njooni mtuulize, nasi tutalifungua daftari mbele yenu.